Mtoto Atoke, Mama Apumzike: Mwongozo kwa Familia za Lubumbashi Zenye Mtoto Mwenye Ulemavu

Familia nyingi za Lubumbashi zinazolea mtoto mwenye ulemavu hupanga hospitali kwanza, kisha mazoezi ya viungo, na kama bahati ipo, shule. Michezo na mapumziko huachwa vingoje siku ambayo pesa itapatikana, na siku hiyo haifiki. Mwongozo huu unasimama upande mwingine. Matembezi ya mtoto na mapumziko ya anayemlea ni jambo moja, na katika mji ambao familia haiwezi kutegemea nyumba ya serikali impokee mtoto kwa siku mbili, jambo hilo hujengwa na watu walio karibu: shangazi, nkambo (bibi au babu), jirani, kiongozi wa watoto parokiani, na hasa wazazi wengine wenye watoto kama wako. Watu hao wanapokwepa, mara nyingi si kwamba hawana moyo. Wanaogopa kifafa, wanaogopa chakula kitamkaba mtoto mikononi mwao, hawajui namna ya kumbeba. Woga wa namna hiyo hautolewi kwa kuwalaumu, bali kwa kuwafundisha kidogo kidogo, na sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu jinsi ya kuwafundisha.

Kwa wanaohitaji msingi wa sheria, upo. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 31, unatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2015, unawataja watoto wenye ulemavu waziwazi katika kifungu cha 30, ukitaka washiriki michezo na burudani sawa na wenzao. Tena ipo sheria yetu wenyewe, namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022, inayolinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Sikuambii uyabebe maandiko haya kwenda kugombana na mlinzi wa getini. Yatakufaa zaidi unapozungumza na mkurugenzi wa shule au kiongozi wa kundi la watoto, maana hapo ndipo uamuzi unapofanywa.

Anza na karatasi moja

Kabla ya kumwomba mtu yeyote akae na mtoto, andika kwa mkono ukurasa mmoja unaomweleza, katika lugha ambayo mpokeaji anaisoma bila taabu, uutie ndani ya plastiki ili usilowe. Uanze na anachokipenda, si na ugonjwa wake, kwa sababu msomaji anayekutana kwanza na orodha ya hatari hufunga moyo kabla ya kumfahamu mtoto. Baada ya hapo eleza jinsi anavyosema ndiyo na jinsi anavyokataa. Mtoto asiyezungumza huwa na ishara zake, labda kuinua macho juu au kugeuza uso ukutani, na ishara hizo mama anazijua lakini jirani hazijui. Kisha eleza choo, dawa na saa zake, watu wa kupigiwa simu, na jinsi kifafa chake kinavyoonekana ikiwa anacho.

Epuka maneno ya kumhukumu. Ukiandika kwamba mtoto ni mtukutu, hujamsaidia mtu. Ukiandika kwamba akisikia mashine ya kusaga mahindi huziba masikio na kukimbia bila kutazama barabara, kwa hiyo ashikwe mkono kabla ya kuifikia, umempa shangazi yake kitu anachoweza kukitenda.

Chakula kinastahili maelezo marefu kuliko mengine yote, kwa sababu hapo ndipo watu huogopa zaidi na hapo ndipo hatari halisi ilipo. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo asilishwe akiwa amelala chali wala kichwa chake kikiwa kimerudishwa nyuma, kwa kuwa njia ya hewa hubaki wazi na chakula kinaweza kuingia mapafuni. Akae wima, kichwa kiinamishwe mbele kidogo, miguu ikanyage kitu, na anayemlisha akae mbele yake usawa wa macho. Kijiko kiwe kidogo, na kijiko kingine kisitolewe mpaka cha kwanza kimemezwa. Uji mzito kiasi humezwa kwa usalama zaidi kuliko maji matupu, na bukari (ugali) laini yenye sombe (kisamvu) iliyotwangwa sana hupita vizuri kuliko vipande vya nyama. Akimaliza, abaki ameketi kwa nusu saa. Ukimwacha mlezi mpya amlishe mbele yako mara kadhaa, mkono wake utaacha kutetemeka, nawe utajua kama umemwelewesha.

Nusu saa kwanza, usiku baadaye

Kosa la kawaida ni kumkabidhi mtoto kwa ndugu wakati wa msiba au safari ya ghafla, yaani siku ambayo kila mtu tayari amechanganyikiwa. Mtoto analia usiku kucha, ndugu anaapa hatarudia, na mlango unafungwa kwa mwaka mzima. Ni afadhali kuanza wakati hakuna haja. Siku ya kwanza nkambo anakuja kwenu, anacheza na mtoto na kumlisha wewe ukiwa hapo hapo. Siku nyingine wewe unakwenda sokoni na kurudi. Baadaye mtoto anapelekwa kwa nkambo mchana mmoja, na kikwembe chake anacholalia na kikombe chake mwenyewe viende pamoja naye, kwa maana vitu vya nyumbani humtuliza mtoto kuliko maneno. Usiku mmoja uje baada ya michana kadhaa kupita vizuri. Mtoto mwenye usonji anaweza kuhitaji hatua nyingi zaidi, pamoja na picha za nyumba anayokwenda na za watu waliomo, aonyeshwe kwenye simu siku chache kabla.

Katika kuchagua mtu, usiangalie wema wake peke yake. Uliza nani mwingine analala katika nyumba hiyo, nani huingia na kutoka, na nani atamsafisha mtoto. Watoto wasioweza kusema au kukimbia ndio wanaodhuriwa kwa urahisi zaidi, na kuuliza maswali haya si kumtukana ndugu. Mtoto anayesafishwa na mwingine asifungiwe peke yake na mtu mzima mmoja ambaye hujamzoea, na akirudi akiwa na woga mpya au akikataa kuguswa, usiseme ni mapozi.

Dada na kaka zake nao wawekwe katika hesabu. Mara nyingi yaya, yaani dada mkubwa, wa miaka kumi na miwili amekuwa mama wa pili bila mtu kumwuliza. Mapumziko yanapopatikana, saa za kwanza zitumike pamoja naye, hata kama ni kwenda tu kununua viatu vya shule bila kusukuma kiti cha magurudumu.

Likelemba ya siku

Wazazi wanaokutana kwenye mazoezi ya viungo au mlangoni pa shule maalumu wana nguvu moja ambayo ndugu hawana: hawaogopi. Mama anayemlisha mtoto wake mwenye mtindio wa ubongo kila siku hahitaji kuelezwa habari ya kijiko. Likelemba ya pesa, yaani upatu wa kuchangiana kwa zamu, kila mtu mjini anaifahamu, na utaratibu wake unaweza kutumiwa kwa saa. Familia nne zinazokaa katika komini moja ya mji, tuseme Katuba au Kenya, zinapatana kwamba kila Jumamosi nyumba moja inapokea watoto wote tangu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na wazazi wa nyumba nyingine wanapumzika. Kwa hiyo kila familia inahudumu mara moja na kupumzika mara tatu.

Yapo masharti yasiyofaa kuachwa kwenye maneno matupu. Watu wazima wawe wawili daima, hata watoto wakiwa watatu tu, ili mmoja akienda na mtoto chooni mwingine abaki. Kila mtoto aje na karatasi yake, dawa zake, nepi zake na chakula chake, ili nyumba maskini isione aibu ya zamu yake. Mgonjwa abaki kwao siku hiyo. Anayeshindwa zamu atangulie kusema siku mbili kabla na abadilishane na mwingine. Akikosa bila kusema mara kwa mara, kundi limpe mwingine nafasi yake bila ugomvi. Msizidi familia tano au sita mwanzoni. Makundi makubwa huanza kuchagua marais na makatibu, na watoto husahauliwa.

Michezo isiyohitaji gari

Nitakaa hapa kwa muda, kwa sababu watu wakisikia neno burudani hufikiria safari, ilhali kitu anachokikosa mtoto kila jioni ni kucheza na watoto wa mtaa wake mwenyewe. Michezo yetu inageuzwa kwa urahisi. Katika nzango, wasichana wanaporuka, kupiga makofi na kutoa miguu, aliyeketi kwenye kiti atoe mkono wa kulia au wa kushoto badala ya mguu, na kanuni za pointi zibaki zile zile. Mpira wa mifuko uliofungwa kwa kamba unaweza kuchezwa na mtoto asiyeona ukifungwa ndani ya mfuko mwingine wa plastiki uliolegea, kwa sababu hupiga kelele unapobingirika. Wenzake watakubali kunyamaza mpira unapopita ikiwa nao watapewa zamu ya kufungwa kitambaa machoni. Mtoto mwenye mikono migumu hurusha vizuri kitambaa kilichofungwa fundo kuliko mpira unaoteleza. Kiziwi apewe ishara ya kuonekana, mfano bendera au mkono ulioinuliwa, mahali ambapo wengine wanasikia filimbi.

Muziki nao ni wa wote. Mtoto kiziwi akiweka viganja kwenye ngozi ya ngoma, au akishika baluni iliyojaa hewa karibu na kipaza sauti, huhisi mapigo mwilini na kuyafuata. Hapa lipo onyo ambalo wengi hawalijui. Mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi asichezee baluni za mpira, kwa kuwa watoto hao hupata mzio wa mpira kwa urahisi, na mzio huo unaweza kuwa mkali.

Usimruhusu mwalimu wa michezo kumpa mtoto wako kazi ya kuhesabu magoli kila siku. Kuhesabu ni kazi nzuri kwa anayeipenda. Kwa asiyeipenda ni namna ya kumweka pembeni kwa adabu.

Kutoka nje ya mtaa

Majira yaamue mengi. Kiangazi, tangu Mei hadi Oktoba hivi, barabara za udongo ni kavu, na likizo kubwa ya Julai na Agosti huangukia humo. Lakini asubuhi za Juni na Julai ni za baridi kali kwa mji ulio kwenye kimo cha mita 1,200 hivi, na baridi huikaza zaidi misuli ya mtoto mwenye mtindio wa ubongo. Mwondoe nyumbani jua likiwa limepanda, akiwa amevaa nguo mbili nyepesi badala ya moja nzito. Oktoba ni joto. Tangu Novemba hadi Machi mvua hugeuza njia za komini nyingi kuwa matope, na hapo magurudumu madogo ya mbele huzama: inua mbele ya kiti kidogo, ukigeuze, ukivute kinyumenyume juu ya magurudumu makubwa. Kwenye mteremko mkali pia shuka kinyumenyume, wewe ukiwa upande wa chini. Kwa mtoto mwenye ualbino, matembezi yawe kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa tisa alasiri, akiwa na kofia ya ukingo mpana na mikono mirefu, majira yoyote yale, hata siku ya mawingu.

Kwa usafiri, basi dogo lililojaa si mahali pa mtoto asiyeweza kuketi wima peke yake. Familia mbili zikichangia teksi moja kwa kwenda na kurudi, na bei ikapatanwa na dereva kabla kiti hakijakunjwa na kutiwa nyuma, gharama hubebeka. Mtoto aliyezidi kilo ishirini abebwe na watu wawili. Migongo mingi ya akina mama imeharibika kwa sababu ya kuona haya kuomba mkono mmoja.

Bustani ya wanyama ya mjini ndiyo matembezi ya kwanza ninayoyapendekeza, ila siyo Jumapili. Siku ya kazi, asubuhi, hakuna msongamano, na mtoto anayeogopa umati anaweza kusimama mbele ya simba kwa muda anaoutaka. Usijaribu kuona wanyama wote. Vizimba vitatu na soda kivulini vyatosha, na kurudi nyumbani mtoto angali anataka zaidi ni kurudi kuzuri.

Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi yanamfaa mtoto anayechoka na jua. Humo mna vinyago na ile misalaba ya shaba ya Katanga iliyotumika zamani kama fedha. Nenda siku moja kabla, peke yako, uulize kama kuna ngazi, choo kiko wapi, na kama mtoto asiyeona anaweza kuruhusiwa kugusa kitu kimoja au viwili mbele ya mwongozaji. Wakikataa, mafundi wa mji hawakatai: shaba iliyofuliwa kwa nyundo ina milima na mabonde ambayo vidole huyasoma, na malakiti, lile jiwe la kijani, iliyosuguliwa ni baridi na laini kuliko jiwe la kawaida.

Kuhusu kandanda, Lubumbashi haihitaji kushawishiwa. Uwanja wa TP Mazembe huko Kamalondo, uliofunguliwa mwaka 2011, huchukua watu zaidi ya 18,000, na wakipiga kelele pamoja mtoto mwenye usonji anaweza kuumia kweli, si kudeka. Mwanzo mzuri ni mechi ya vijana wa mtaa. Akiizoea, jaribuni mechi ndogo uwanjani, mkae karibu na njia ya kutokea, mwende na kitu cha kuziba masikio, na mkubaliane kabla ya kutoka nyumbani kwamba kuondoka kipindi cha kwanza si aibu. Baba wengi huona vigumu hapo penye kuondoka, hasa timu yao ikiwa nyuma kwa goli moja.

Vikundi vya watoto vya parokia na vya skauti hufanya kambi wakati wa likizo kubwa, na siku tatu za kambi huweza kuwa mapumziko marefu kuliko yote ambayo mzazi amewahi kuyapata. Nenda kwa kiongozi mapema, mwezi wa Mei, si siku ya kuandikisha. Peleka karatasi ya mtoto, na uombe kijana mmoja ateuliwe kuwa mwenzake, afike kwenu mara kadhaa kujifunza. Mimi nazithamini kambi hizi kuliko sherehe ya tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu, ambapo watoto huvalishwa fulana zinazofanana, hupewa soda, husikiliza hotuba juani, na hawaitwi tena hadi Desemba nyingine.

Kifafa, maji na moto

Kila anayekaa na mtoto mwenye kifafa aonyeshwe haya kwa vitendo. Mlaze kwa ubavu, weka nguo laini chini ya kichwa, legeza kola, ondoa vitu vigumu vilivyo karibu, na utazame saa. Usitie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimpe maji mpaka aamke kabisa. Kikizidi dakika tano, au kikirudi kabla hajapata fahamu, apelekwe hospitali. Watu wengine wakikimbia wakidhani povu linaambukiza, waambie kwamba haliambukizi, na uendelee na kazi yako. Dawa zisikatizwe hata siku moja kwa sababu ya safari. Beba za siku mbili zaidi ya zinazohitajika.

Kwenye ziwa la Kipopo au bwawa lolote, mtu mzima mmoja awe umbali wa mkono mmoja kutoka kwa mtoto huyo, hana simu, hana chupa ya bia, hana mtoto mwingine. Mbabula ya kupikia iwekwe mbali na mahali watoto wanapochezea, kwa kuwa kuanguka kwenye makala (makaa) ni jeraha la maisha.

Macho na midomo ya watu

Utasikia maneno njiani. Tayarisha jibu fupi moja na ulirudie bila hasira: "Anaitwa Fulani, miguu yake haina nguvu, amekuja kuona simba." Mtoto anayeuliza ajibiwe vizuri, kwani yeye huuliza ili ajue. Anayemwita mtoto mchawi ni jambo jingine: sheria ya ulinzi wa mtoto namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na ni halali kumwambia hivyo mbele ya mashahidi. Usimjibu mtu huyo wakati mtoto yuko katikati yenu, mwondoe mtoto kwanza.

Jioni ya kurudi

Mtoto asiyehisi sehemu ya mwili, hasa mwenye mgongo wazi, achunguzwe ngozi ya makalio, visigino na mahali viatu vinapobana, kwa taa nzuri. Wekundu ambao haujapotea baada ya nusu saa ni mwanzo wa kidonda, na sehemu hiyo isikaliwe wala isibanwe mpaka rangi irudi. Njiani kiti kisiachwe juani, kwa sababu chuma chenye moto huunguza paja lisilohisi. Mara tu mlezi anapomrudisha mtoto, mwulize alikula nini, alilala saa ngapi, alicheka wakati gani. Kisha chukua ile karatasi uongeze mlichokigundua, ufute kilichopitwa na wakati, na umrudishie nakala yake kabla ya zamu inayofuata.